Moshi Uliozidi Kipimo

Alhamisi, 1 Februari 2024

Mikono inanuka ndimu mpaka kwenye viwiko. Nimekamua tangu saa nane mchana na kinywaji bado hakijakaa sawa.

Keshokutwa anakuja yule dada wa hoteli, Maricruz. Anafungua baa juu ya paa, hapa hapa Oaxaca mjini, na anatafuta kokteli moja ya moshi iwe ndiyo kinywaji cha nyumba. Anataka kuionjea jikoni kwangu, "kama watu wa nyumbani." Watu wa nyumbani — basi nimeosha hata mapazia.

Kokteli yenyewe naijua. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kwa sababu kina mistari. Mezkali, pombe yetu ya mkonge, vipimo viwili. Ndimu kimoja. Juisi ya nanasi kimoja, na nanasi lichomwe kwanza kwenye kikaango cha udongo mpaka lipate madoa meusi. Asali ya mkonge robo tatu ya kipimo. Barafu, gudulia la jemu, funika, tikisa mpaka vidole vife ganzi. Glasi igeuzwe juu ya kipande cha mwaloni kinachofuka, ishike moshi. Ukingoni chumvi iliyosagwa na viwavi vikavu na pilipili. Kipimo hicho hakijawahi kunitupa.

Leo kimenitupa. Ndimu haisikiki. Nanasi halisikiki. Moshi umejilaza juu ya kila kitu kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili akamaliza mwezi.

Nimechoka. Mgongo, miguu, vyote. Miaka hamsini na sita, na bado natikisa magudulia ili watu wengine wafungue baa.

Na mezkali si yangu hata. Ni ya Foro. Yaani Crisóforo, kaka yangu, anayeipika kijijini Lachibé kwenye kiwanda alichoachiwa na baba. Yeye kiwanda, mimi cherehani yenye pedali moja. Nikaiuza ile cherehani, nikanunua madumu mawili, nikaanza kuipeleka mezkali mjini kwa basi na kuipima kwa kibuyu sokoni. Leo ina chupa, ina kizibo, ina lebo. Kwenye lebo kuna uso wa Foro na kofia yake. Mimi nimo kwenye maandishi madogo chini, panapoandikwa anwani.

Kesho nitajaribu tena. Pengine mwaloni ulikuwa mbichi.


Ijumaa, 2 Februari

Sikukuu ya Mishumaa. Jirani kaleta tamale tatu, maandazi ya mahindi yaliyopikwa ndani ya majani, za kuku na mole nyeusi, ule mchuzi mzito wa pilipili. Nimekula zote nikiwa nimesimama.

Mwaloni si mbichi. Nimebadilisha kipande — vile vile. Nimepunguza muda wa glasi — vile vile. Mwisho nikauacha mwaloni kabisa, glasi safi iliyotoka kwenye maji. Moshi upo.

Hapo nikakaa kwenye kiti.


Jumamosi, 3 Februari

Amekuja na viatu vyeupe na simu mbili. Msichana mzuri, hana majivuno, ila anaongea kama mtu anayelipia kila dakika.

Sikugusa mwaloni. Nimetengeneza kwa kipimo changu, glasi safi, nikampa.

Akafumba macho. "Mama Eustolia. Usiguse kitu. Hivi hivi."

"Sio kwamba moshi umezidi?"

"Umezidi? Wageni wangu wanakuja kwa ajili ya huo moshi. Moshi ndiyo mezkali yenyewe, mama." Akanywa tena. "Mnaupataje?"

Nikamwambia ni siri ya nyumba. Akacheka, akanipiga picha mkono ukiwa umeshika gudulia. Mkono tu. Uso haukuingia, nimeangalia.

Anataka mzigo wote uliobaki wa mezkali hii, iliyopikwa Novemba. Nimesema nitafikiria. Akashangaa. Hata mimi nimejishangaa.


Jumapili, 4 Februari

Misa ya saa moja. Halafu jikoni, mlango nimefunga.

Nina chupa za mapishi matatu ya Foro ya mwaka jana: Juni, Septemba, Novemba. Nikatengeneza glasi tatu, kipimo kile kile, bila mwaloni. Nikawa naongeza ndimu kidogo kidogo mpaka ndimu ipate kusikika.

Juni: kipimo kimoja, kama siku zote. Safi, unaweza kumpa askofu.
Septemba: kimoja na robo.
Novemba: kimoja na nusu, na bado moshi unachungulia.

Ukiufuata mwendo huo, mapishi yajayo yatataka karibu vipimo viwili. Ndimu sawa na mezkali. Hiyo si kokteli tena, hiyo ni dawa ya mafua.

Watu wa mjini hawajui hili, na mimi sijawahi kuwaambia kwa sababu lingeharibu biashara: huo moshi wanaoupenda, ninautia mimi. Mwaloni ni wa jikoni kwangu. Mezkali ya Foro haina moshi. Ya baba haikuwa nao, ya babu haikuwa nao. Ukiwepo, uwe kwa mbali tu, kama nguo ya mtu aliyepita karibu na jiko. Lachibé, ukimwambia mpikaji kwamba mezkali yake ina moshi, umemwambia maharage yake yameungua mbele ya wakwe. Maana yake amepakia mioyo ya mkonge kwenye shimo la kuokea kabla kuni hazijaisha kuwaka. Ni kosa la mwanafunzi.

Na Foro hajawahi kulifanya. Yeye husimama mdomoni mwa shimo, macho kafumba, anavuta hewa, na wanaume wote wanangoja na mioyo ya mkonge mikononi mpaka aseme "sasa." Mawe mtu yeyote anayaona yakiwa meupe. Gogo linalofuka chini ya mawe halionekani. Linanuswa tu.

Mapishi yajayo ni ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tarehe kumi na tisa Machi. Kijiji kizima. Wazee watamwaga matone ya kwanza chini, watakunywa, na watajua kabla kibuyu hakijashuka.


Jumatano, 7 Februari

Nimefungua chupa tano nyingine za Novemba, za makasha tofauti. Zote zina moshi.

Sikuuza leo. Nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi.


Jumapili, 11 Februari

Nimeenda Lachibé na kikapu: gudulia, ndimu, nanasi lililokwisha chomwa, barafu kwenye chombo cha maziwa. Na chupa ya pombe kali ya miwa niliyoinunua dukani pale stendi, ile ya bei rahisi ambayo Foro huiita maji ya kuwashia jiko.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha pua yake tu. Lakini njiani nilikuwa najisikia vizuri. Mtu ambaye amenicheka miaka yote kwa "sharubati" yangu — nilitaka kumwona akiinywa.

Alikuwa amekaa jikoni, mgongo kwa moto. Wifi yangu Nazaria anachoma chapati za mahindi.

"Mama Sharubati amefika," akasema Foro. "Ficheni watoto, wataoza meno."

"Shikamoo na wewe, kaka."

"Marahaba. Umekuja kuizika mezkali yangu kwenye matunda tena?"

"Nimekuja uionje kabla sijaiuzia hoteli."

"Hoteli." Akamwambia mkewe, "Unasikia? Tumekuwa watu wa hoteli, na choo bado hakina mlango."

Nikatengeneza mbele yao, nikiwa nimegeuka kidogo. Vipimo viwili vya pombe ya miwa. Hata tone moja la mezkali halikuingia. Nikatikisa. Nikampa.

Akanywa taratibu, kama afanyavyo, akiiviringisha mdomoni.

"Sukari nyingi," akasema. "Lakini unaona, Tola? Hata uifunike na nanasi zima, mezkali yangu inajitetea. Huo ni mkonge wa mlimani. Hauzikiki."

Nazaria akachukua glasi mkononi mwake, akaonja, akanitazama. Nikaangalia sakafu. Akafuta mdomo kwa aproni.

Chapati zilikuwa zinaungua. Moshi mweusi, nyuma kabisa ya mgongo wa Foro, hatua mbili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukohoa. Foro alikuwa anaendelea kunieleza habari za mkonge wa mlimani.

Nimerudi na basi la saa kumi. Kikapu chepesi, mimi mzito.


Jumatatu, 12 Februari

Nilitaka kumwona akiinywa, nimemwona.


Jumanne, 13 Februari

Nazaria kapiga simu akiwa uani kwa jirani. Anaongea kwa kunong'ona, nasikia na kuku.

Tangu ile homa ya Julai, anasema. Wote waliugua, wote wakapona, Foro pua haikurudi. Siku moja mtungi wa gesi ulikuwa unavuja, akaingia na sigara mdomoni. Nazaria ndiye aliyemvuta shati. Kwa majirani walisema wamegombana. Bora kijiji kijue wanagombana.

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Anajua na hajui, wifi. Anasema inarudi. Kila asubuhi ananusa kahawa, halafu ananitazama usoni aone kama nimemwona."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Naye akaniuliza: "Wewe na yeye lini mmeambiana kitu?"

Nimemuuliza kama atamwambia kuhusu glasi ile. Amesema kashamwambia. Jana usiku, alipokuwa anaisifu mezkali yake kwa mara ya tatu. Hakuweza kuvumilia.


Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimerudi kanisani na msalaba kwenye paji la uso, simu inalia.

"Umenipima," akasema Foro. Hakuna salamu. "Umenifungua mdomo kama punda mnadani."

Nikasema, "Mapishi ya Novemba yana moshi, kaka."

"Hayana."

"Yana. Ya Septemba pia. Kidogo."

Nilisikia anapumua. Nilidhani atatukana, nikajiandaa, na mimi nina yangu nimeyaweka miaka thelathini. Kiwanda. Cherehani. Uso kwenye lebo. Yalikuwa yote mdomoni.

"Sana?" akauliza.

"Ndimu kipimo kimoja na nusu, na bado unasikika."

Hajui vipimo vyangu, hajawahi kutaka kuvijua. Lakini alielewa. Akakata simu.

Yale ya miaka thelathini sijui niyaweke wapi sasa.


Jumapili, 18 Februari

Maricruz tena. Baa inafunguliwa baada ya Pasaka. Ameshawaonjesha wenzake ile kokteli, wamepagawa. Anauliza mzigo wa Novemba, na anauliza — kwa adabu, anajikunakuna — kama mapishi yanayofuata yanaweza kuwa na moshi zaidi.

Yanaweza, dada yangu. Bila jitihada yoyote.

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Nikinyamaza, Foro anaendelea kupakia shimo kabla ya wakati, moshi unaongezeka, hoteli inafurahi, mimi nauza kuliko nilivyowahi kuuza. Sihitaji hata mwaloni. Nikisema, narudi pale pale, na kijiji kinajua, na hakuna mwenye shamba atakayempelekea mkonge mtu asiyenusa. Mkonge unakaa shambani miaka minane mpaka kumi. Humpi mtu wa kubahatisha.

Lakini kunyamaza ni kwa hoteli tu. Kijiji hakinyamazishwi. Tarehe kumi na tisa Machi ipo pale pale, na mwenye sikukuu mwaka huu, anayeigharamia, ni Abundio, ambaye ulimi wake unatosha vijiji vitatu. Akishasema mezkali ya Mtakatifu Yosefu ilikuwa na moshi, mwakani watapika kwingine. Na mwaka unaofuata. Shimo la baba litaota majani.

Yaani hata nikitaka kufaidika siwezi kufaidika kwa raha.


Alhamisi, 22 Februari

Foro amekuja. Hapa, kwangu. Tangu nijenge nyumba hii amewahi kuingia mara mbili, zote za msiba.

Alivua kofia mlangoni. Nywele zimekuwa nyeupe juu, sikuwa najua; kwenye lebo kofia inazificha. Akatazama jikoni, makasha ya chupa, magudulia, vikombe vyangu vya dawa vimepangwa kwenye kichanja cha kukaushia.

"Nitengenezee hiyo sharubati yako," akasema. "Ya kweli safari hii."

Sikujibu kwa ukali ingawa nafasi ilikuwepo. Nikachukua Juni. Vipimo viwili. Ndimu, nanasi, asali. Nikauliza kama nitie moshi kwenye glasi. Akasema tia, kama wanavyopewa watu wa hoteli. Nikawasha kipande cha mwaloni, nikageuza glasi, nikamwacha aangalie moshi unavyojizungusha ndani na kutulia. Aliinama karibu sana, pua inakaribia kugusa.

"Nauona," akasema.

Alikunywa nusu. "Nasikia utamu. Nasikia chumvi, na ukali kooni. Basi. Mengine ni redio iliyopoteza stesheni."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari anasema ningoje. Kuni hazingoji, Tola. Jumamosi tunapakia shimo la Mtakatifu Yosefu."

Tukakaa. Nje muuza gesi anapita na wimbo wake. Halafu akalitoa ombi lake, macho yakiwa kwenye meza: nije Jumamosi. Nikae kwenye gogo karibu na shimo. Atawaambia wanaume nimekuja kuhesabu mioyo ya mkonge.

"Mwanamke ndani ya kiwanda," nikasema. "Mapipa hayatanuna?"

Maana ndivyo baba alivyokuwa akisema, na Foro baada yake. Mwanamke akisogelea mapipa ya kuchachulia, mezkali hununa. Nilikuwa napokea madumu yangu getini, jua, mvua, mimba ya miezi saba.

"Yatanuna," akasema. "Yameshanuna bila wewe." Akataka kucheka, hakuweza. "Moshi wa kuni ukiisha, ukisikia ni mawe matupu, shusha mtandio kutoka kichwani mpaka mabegani. Mimi nitakuwa nimesimama pale pangu. Nitasema 'sasa.'"

"Pua yangu, mdomo wako."

Akaikung'uta kofia yake.

"Na uso wako kwenye lebo."

"Tola. Wakijua, nimekwisha. Unajua."

"Najua. Najua kuliko wewe, mimi ndiye ninayeuza. Nataka useme. Mbele yao. Kwamba ni mimi."

Akazungusha glasi. Chumvi ilikuwa imembakia kwenye sharubu, na kwa mara ya kwanza nikaona anafanana na baba alipokuwa anaumwa.

"Usiniombe hilo," akasema. "Niombe kingine. Niombe nusu ya kiwanda."

Miaka yote ningelala barabarani kwa ajili ya maneno hayo. Leo yametoka kama chenji iliyoanguka mfukoni.

"Sitaki nusu ya shimo ambalo siruhusiwi kulisemea," nikasema.

Alimaliza kinywaji. Akaosha glasi mwenyewe, jambo ambalo Nazaria hataniamini nikimwambia. Mlangoni akavaa kofia.

"Saa kumi na mbili tunawasha," akasema. Akaondoka.

Sikusema nitakwenda. Sikusema siendi.


Jumamosi, 24 Februari

Naandikia kwenye gogo, ndani ya kiwanda. Wanaume wanadhani napiga hesabu. Waendelee kudhani.

Nilipanda basi la kwanza. Getini nilisimama kwa mazoea, miguu ilikataa yenyewe. Nazaria, aliyebeba uji wa mahindi wa wafanyakazi, akanisukuma kwa kiwiko. "Ingia, wifi, uji unapoa." Yeye mwenyewe akaishia hapo hapo getini, akanipa vikombe nipeleke.

Basi nimeingia. Ni padogo. Miaka yote nilidhani ni pakubwa.

Wapo saba na Foro. Abundio amekuja kusimamia, maana mezkali ni ya sikukuu yake. Amevaa shati lililopigwa pasi ili kila mtu ajue kwamba hatashika kuni.

"Bi Eustolia," akasema, "mjini wameishiwa wateja?"

"Mjini wapo. Nimekuja kuona kama huku mnajua kuhesabu."

Wakacheka. Mzee mmoja hakucheka. Alijifanyia ishara ya msalaba, akasema kwa sauti ya kutosha kwamba mapipa yamesikia sauti ya mwanamke na mwaka huu tutakunywa siki. Foro akasema, "Dada yangu amekuja kuhesabu mioyo, mara iliyopita mliniibia miwili." Hapo hata yule mzee akacheka.

Nimehesabu, kwa kuwa nimesema nitahesabu. Mioyo ya mkonge themanini na tatu, imepasuliwa nusu nusu, nyeupe, imelundikwa upande wa ukuta. Abundio alikuwa anasema tisini.

Moto umewaka vizuri. Kuni zimeshuka, mawe yamekuwa mekundu, sasa yanaanza kuwa meupe. Joto linanichoma magoti. Mtandio uko kichwani, jasho linatiririka ndani yake, na Nazaria ananiangalia kutoka getini kama anayeangalia maziwa yasichemke yakamwagika.

Sijaamua. Nimekuja, lakini sijaamua. Nikishusha mtandio, sikukuu inapona, jina linapona, na mwakani nitaalikwa tena "kuhesabu." Na mwaka unaofuata. Nitazeeka nikihesabu. Nisiposhusha, atabahatisha, na wote tutakunywa jibu tarehe kumi na tisa.

Foro amesimama mdomoni mwa shimo. Macho amefumba. Anavuta hewa, kifua kinapanda, kinashuka. Kama zamani kabisa. Wanaume wameinua mioyo mikononi. Abundio ananong'ona kwa jirani yake, "Mwangalie. Pua kama ya baba yake."

Mimi nasikia kila kitu. Mawe. Udongo unaoungua pembeni. Uji. Jasho la Abundio na manukato yake. Na chini ya hayo —

Foro amefumbua macho. Ananitazama. Mtandio uko kichwani.

Anangoja. Wanangoja wote, mikono inaanza kuwatetemeka, mioyo ya mkonge ni mizito. Yule mzee anauliza vipi, mawe si meupe?

Foro hajasema "sasa."

Amevua kofia. Amegeuka huku, mwili mzima, mgongo ameupa shimo.

"Tola," anasema. Kwa sauti. Mpaka getini wamesikia. "Mimi sisikii kitu. Wewe unasikia nini?"

Hakuna anayecheka. Vichwa vyote vimegeukia gogo langu.

"Bado," nasema. "Kuna gogo moja linafuka, upande wa kulia, chini kabisa."